Samli ni Samli

Mpendwa Baba Salma,

Jana nduguyo Mussa alikuja na shoka. Lile lako la buchani, lenye mpini uliouzungushia kitambaa. Alisubiri nitoke eda kwanza ndipo aje, kwa hiyo hata hasira yake ina adabu kidogo, lakini mlango aliupiga mpaka mbao zikachanika. "Toka nje, muuaji! Hospitali wamesema mafuta yameziba moyo! Kaka kaacha mafuta zamani, nani kamtilia?"

Uchochoro mzima ulisikia. Kwa kuwa waliyasikia hayo, haya ninayokuandikia nataka nayo wayasome.

Nakukumbuka ukirudi kutoka sokoni Darajani, shati limelowa damu mpaka viwikoni, nundu ya ng'ombe iliyonona umeifunga kwenye gazeti. Mfupa wa paja la ng'ombe ulikuwa ukiuvunja kwa pigo moja. Mikono hiyohiyo ilimchambulia Salma miiba ya samaki changu, unaipanga ukingoni mwa sahani kama sindano, ndipo unamwambia, "Kula, mama." Mikono hiyohiyo ilinipiga. Siandiki kukuaibisha. Naandika kwa sababu yote mawili yalikuwa wewe.

Wala mimi sikuwa adui wa samli. Nilipomzaa Salma mwili ulikuwa umekwisha, na mama yako akaninywesha samli ya moto na pilipili manga mpaka miguu ikapata nguvu.

Siku uliyoambiwa una sukari na presha, daktari alisema, "Punguza mafuta, mzee." Ulifika nyumbani ukalinyanyua dumu la mafuta ukalibamiza ukutani. Yakamwagika hadi ngazini, Salma akateleza, akapasuka kidevu. Damu inamtoka, na wewe bado unapiga kelele: "Mafuta marufuku nyumba hii! Mama Salma, tia samli!"

"Kwani samli si mafuta?"

"Samli ni samli! Nikikutuma dukani mafuta ukaniletea samli, utasema umeleta nilichokutuma?"

Kweli, dukani hakuna anayeita samli mafuta. Nundu nayo ni nundu, na tui ni tui.

Kisha ukamwona mtu kwenye simu anasema mwenye sukari aache wali na mkate, ale vinono. Ukaacha wali, ukaacha mkate, ukaacha chai ya sukari. Nitasema kweli, maana uongo umeshakuwa mwingi: sukari yako ilishuka. Suruali zikakulegea. Ngazi zetu ukawa unazipanda bila kupumzika katikati, unanishika kiuno kule juu unaniambia, "Umemwona kijana?" Siku zile nilikupenda upya.

Lakini damu ilipopimwa tena, daktari alikunja uso. Mafuta mabaya yalikuwa mengi mno. "Unakula mafuta gani?" akakuuliza.

"Wallahi, tangu uliponikataza sijayatia mdomoni."

Hukusema uongo. Ndiyo maana niliogopa. Nikasema mimi, "Anakula samli, daktari. Kila mlo. Na nundu."

Akaeleza taratibu. Kuacha wanga kumekusaidia sukari, alisema, lakini samli, nundu na tui zito ni mafuta vilevile, na kwa mtu mwenye presha na mishipa kama yako ni hatari. Ukitaka kinono, kula samaki, korosho au parachichi, tena kwa kiasi. Wewe hukuwa unamsikiliza. Ulikuwa unanitazama mimi.

"Nani kakutuma unisemee?" uliniuliza tulipofika nyumbani. Kofi la kwanza sikuliona linakuja. La pili nililiona. Sinia la chakula likapita dirishani. Tangu siku hiyo kliniki ukawa unakwenda peke yako, na samli ukawa unajitilia mwenyewe.

Moyo ulikusimama asubuhi moja, tonge liko mdomoni. Uliangusha meza, ukaanguka juu ya vyombo vilivyovunjika, ukanishika mkono ukakaza kama mtu anayezama. Nilikuwa nikikuita na huitiki. Alama za vidole vyako zilibaki mkononi mwangu hata baada ya kukuzika. Zilipoanza kufutika nililia kuliko siku ya maziko.

Sasa jana. Salma alitaka kutoka na mchi amvunje ami yake kichwa. Nikamnyang'anya, nikafungua mlango mwenyewe. Shoka liko juu ya kichwa changu.

"Haya, Shemeji, piga," nikamwambia. "Mlango umeupiga, hodi hukupiga."

Alikuwa anahema, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni. Shoka likaanguka likapasua jiwe la kizingiti, naye akakaa chini barazani kama gunia. Nikamletea maji. Alikunywa, halafu akasema bila kunitazama, "Na mie daktari kaniambia, Shemeji. Presha. Niache mafuta."

"Umeacha?"

"Nshaacha zamani. Hata tone siligusi." Akafuta uso. "Natumia samli tu."

Salma akatupa macho chini. Mimi nilisikia sauti yako, Baba Salma, ileile, nikashindwa hata kukasirika.

Kesho kutwa nakwenda naye kliniki. Hataki, na nimemwambia hilo si ombi. Nitakaa ubavuni pake, na akiulizwa anakula mafuta gani, nitajibu mimi, kwa sauti. Akitaka kunipiga, anipige palepale mbele ya daktari.

Pumzika, mume wangu. Makofi nimekusamehe, na kaburi lako nitakuja kulipalilia Ijumaa. Lakini nduguyo sikupi.

Mkeo,
Mama Salma