Mafuta ya Ng'ombe ya Bibi Ercilia

Shule ya Paso del Sauce,
Durazno, Uruguay.
11 Agosti 2009

Shangazi Zulma mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje huko Uswidi? Sisi tu wazima, ila mvua imetuchosha. Baba anakohoa kidogo na kulalamika sana, kwa hiyo ujue amepona.

Nina hasira, Shangazi, na kwako siifichi.

Watoto wamegawiwa kompyuta ndogo na serikali, nami nikafungua blogu ya darasa la sita. Kila mtoto ana ukurasa wake. Sharti ni moja: kabla sijagusa kazi yako, wenzako wakuulize maswali kwanza. Jioni utawakuta wamekaa nje ya uzio na makoti yao meupe ya shule, maana mtandao wa shule unafika hadi pale. Yamila, ambaye daftarini hata nusu ukurasa ulimshinda, aliandika jinsi bibi yake Ercilia anavyokaanga mikate ya torta frita siku za mvua. Wakamuuliza, mbona mnatoboa tundu katikati? Akakimbia kwa bibi yake, akarudi, akaandika upya. Wala sikumwambia mimi.

Mwalimu mkuu wetu, Bi Nélida, alizichapa kurasa zote kwenye karatasi, akazisahihisha kwa wino mwekundu, akazibandika barazani, akaamini hapo kazi ya blogu imekwisha. Kwa Yamila alikata "mafuta ya ng'ombe" akaandika "mafuta ya alizeti, kwa afya". Watoto wakazipiga picha karatasi zile, wakaziweka kwenye blogu na maswali chini yake.

Kesho yake Bibi Ercilia akaingia na mwavuli wake unaochuruzika.

"Nani kanifutia mafuta yangu?"

"Ni kwa faida ya mtoto, mama," Bi Nélida akasema.

"Mtoto kaandika anachokula kwao. Na wewe andika unachokula kwako, tuje tukuulize."

Nikacheka mbele za watu. Kicheko hicho kimeniponza.

Sasa nimeambiwa hadi Ijumaa nitoe neno la siri blogu ifungwe, la sivyo nanyang'anywa darasa. "Makosa ya watoto hayaanikwi," kaniambia. "Na nje ya uzio huu nani anayasoma?" Kulikosa darasa langu naogopa, nakwambia kweli. Lakini sitoi. Akitaka kunitoa, anitoe watoto wakiwa wamekaa wanatazama.

Unaukumbuka ukuta wa bohari la reli, ule uliouandika kwa rangi kabla wanajeshi hawajakukimbiza nchi? Wameupaka chokaa tena na tena. Mvua hii imeuloanisha, na maneno yako yanasomeka. Niliwapeleka watoto wakayaone. Yamila kaandika habari za ukuta huo, na chini yake wenzake wameuliza swali ambalo hajaweza kulijibu: aliyeandika yuko wapi?

Najua kompyuta huzitaki. Mwombe mjukuu wako Linnea akufungulie. Anwani nimeiandika nyuma ya bahasha.

Nisalimie Linnea na mama yake. Baba anakusalimu, na Bibi Ercilia anasema huko kwenu torta frita hawazijui. Mungu akupe joto na magoti mapya.

Barua hii itakufikia Ijumaa imeshapita. Ukurasa utaukuta upo. Mjibu mtoto.

Binti wa kaka yako, akupendaye na asiyenyamaza,

Nibia