Kurasa Tisa, Umebaki Mmoja

Mbuji-Mayi

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa mikono miwili. Mguu umepona? Unaweza kufika sokoni Manika bila kupumzika njiani? Sisi tupo. Watoto sasa wanasema Kiluba cha huku kunishinda, nami nafundisha darasa la tatu.

Gazeti la parokia litachapa maandishi yangu juu ya kufukuzwa kwetu Kolwezi. Niliandika kurasa tisa. Abbé, padre anayelitengeneza, naye alifukuzwa Likasi, akasema nafasi ni ya ukurasa mmoja.

Nilikasirika. Majuma yote yale tuliyolala stesheni, nipunguze nini? Lakini nikakata. Nikatoa maneno makubwa, kisha matusi yangu kwa waliotupiga mawe. Zikabaki kurasa nne, nikampelekea.

Akasoma, akaweka kidole chini ya maneno haya juu ya baba yangu: "Tata alikufa njiani."

"Mama Ndaya, huu mustari uko peke yake. Mbona? Juu ya nini?"

"Sina nguvu ya kuuandika zaidi, Abbé."

"Basi hizi zingine zote uliandika ili usiandike huu."

Nilifika nyumbani nikalia. Halafu nikaziacha zote nne, nikaanza upya na mstari ule. Ndiyo maana nakuandikia. Wewe, mtu wa Kasaji, mwenyeji wa mkoa ule, walikuacha. Sisi wenye jina la Tata, jina la kigeni kwao, tukapakiwa kwenye treni. Ulipata habari ya kifo tu. Si haki wasomaji wajue zaidi yako.

Tulibanana katika behewa la mizigo. Tulipopita Kamina, Tata akaanza kuhara. Maji yalikuwa kidogo. Kila nikimpa, anawasukumia wajukuu. Siku ya pili alilalia mapaja yangu, hakuamka tena. Treni iliposimama porini, wanaume wakachimba kando ya reli kwa sahani na mikono. Nikasali Baba Yetu, tukapanda treni tena. Nimeandika hivyo tu. Neno "huzuni" nililiweka mara tatu, mara tatu nikalifuta.

Nisalimie mjomba, na dada yako mdogo, na yule mama jirani aliyetufungia mihogo ya safari huku mume wake akimgombeza.

Kuna jambo moja nililikata mwenyewe, Abbé hajalisoma, maana si la gazeti. Kabla hajalala, Tata alinishika mkono, akasema: "Ambia mama yako, mi sikumuacha. Balinifukuza."

Hilo ni lako, Mama.

Binti yako,
Ndaya