Mafaili Uliyomsingizia Zuhura

Kaka Elinami,

Shikamoo sikupi. Nilikulilia siku ulipochukuliwa kwenda kuzikwa kwenu Moshi. Sasa najuta hata yale machozi.

Ulipokufa, kazini walinikabidhi kompyuta yako. Wiki ya tatu tu, orodha ya wafanyakazi ikavurugika tena: katikati ya majina ya madereva yakatokea majina ya vipuri. Vilevile kama zamani. Na Zuhura, uliyesema anatoboa vibaya makusudi zile kadi za kuingizia taarifa kwenye kompyuta, alikuwa na miezi saba tangu afukuzwe. "Huyu ni mhujumu," ulimwandikia meneja. Mhujumu! Mama wa watoto watatu, aliyekuwa akituletea mihogo ya kukaanga kutoka mtaani kwake Gerezani, na wewe ukaila.

Basi nikafanya ulivyonifundisha. "Usibahatishe, Mwanaidi. Badilisha kitu kimoja kimoja." Nilihifadhi faili lilelile mara thelathini, mashine haina kazi nyingine. Likatoka safi. Nikahifadhi huku printa inachapa. Mara ya saba likaharibika. Nikarudia siku nzima, wapi! Kesho yake likaharibika mara mbili. Mchawi hakuwa Zuhura wala kadi zake. Ni ile programu inayoendesha mashine yenyewe: printa ikiwa kazini, mara mojamoja iliyapa mafaili mawili nafasi moja kwenye diski, moja likaandikwa juu ya jingine.

Nikatoa kabatini karatasi za programu hiyo, nitafute mstari wenye kosa. Nikaukuta. Uliubadilisha wewe, ili printa iende haraka. Na pembeni, kwa mwandiko wako: "Hapa ndipo mafaili yanapogongana. Nirekebishe kabla hawajajua." Na tarehe. Wiki mbili kabla ya barua yako kwa meneja.

Ulijua.

Ulijaribu kurekebisha, nimeona ulivyoandika na kufuta, kuandika na kufuta. Ukashindwa. Ukaona aibu kuniuliza mimi mwanafunzi wako, hukuona aibu kumfukuzisha mtu.

Nimerekebisha mimi. Wiki ya sita hii, hakuna kilichovurugika. Nikampelekea meneja karatasi yako. "Marehemu hasemwi vibaya," akasema. Nikamjibu, "Na aliye hai, yeye anasemwa?" Akainamisha kichwa.

Juzi nikamfuata Zuhura kule soko la Feri, siku hizi anakaanga samaki. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaisoma karatasi yako, akanirudishia. "Alikuja kwangu kabla hajalazwa," akaniambia. "Alisimama mlangoni, akauliza watoto hawajambo, akaondoka."

Yaani ulifika mpaka mlangoni, Kaka. Mpaka mlangoni!

Jumatatu kuna mkutano wa wafanyakazi. Nitaisoma karatasi yako kwa sauti, na jina lako nitalitaja. Zuhura amekubali kuja, atakaa mstari wa mbele. Hilo nakuahidi, na hutaweza kunizuia.

Kukuombea bado sijaweza. Labda baada ya Jumatatu. Kwaheri, mwalimu wangu.

Mwanaidi