Weka Kiganja Kwenye Boneti

Kwako Kamau, mjukuu wangu uliyenizidi umri,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu: sitaki kusomea uuguzi. Nataka kuwa fundi wa magari. Huwa unanitania kwa kuwa nilipewa jina la Cucu, nyanya yetu, basi leo nisikilize kama Cucu.

Huku Thika tuko salama. Mama anakusalimu. Parachichi za marehemu babu yetu, Guka, zimezaa sana.

Umeuliza ukague nini kwenye lile gari kuukuu lenye turbo unalotaka kununua. Guka aliwahi kunipeleka Ruiru kuangalia gari kama hilo. Hata kabla ya salamu, aliweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa ya moto.

"Limetoka safari?" akauliza.

"Hapana, mzee. Limelala hapa tangu jana."

"Basi limelala na homa. Tunywe chai kwanza."

Tulikaa kibandani mpaka injini ikapoa. Lilipowashwa, lilikohoa na kutoa moshi wa bluu.

"Linakula oili," Guka akaninong'oneza. "Likiwa na joto, huficha."

Hakumgombeza yule muuzaji. Alimwagizia chai pia, wakaongea kuhusu mvua. Hadi leo nikipita karibu na gari lililoegeshwa, mkono wangu huenda wenyewe kwenye boneti.

Ukija Ruiru Jumamosi kulikagua hilo lako, usimwambie muuzaji saa utakayofika. Ukikuta boneti ni ya moto, nipigie nije tunywe chai.

Lile la ufundi nitamwambia Mama mwenyewe nikipata ujasiri. Kwa sasa, tafadhali, usimwambie hata Cucu mkubwa.

Cucu wako mdogo,
Wanjiru