Mashavu ya Saumu

Baba Saumu,

Wali umo chunguni, ~~na samaki wako kama kawaida~~. Samaki nitakwambia.

Nimerudi kuchukua kanga tu, nawahi feri. Saumu amelazwa. Nilimpeleka kwa ajili ya kikohozi, lakini daktari akambonyeza mguu kwa kidole na kishimo kikabaki palepale. Yale mashavu ambayo mamako huwaringia majirani, wallahi si unene, ni maji. Akaniambia mtoto ana njaa. Nikamjibu kwamba tangu aachishwe ziwa hakosi uji wa muhogo asubuhi na jioni. Akauliza, "Na samaki je?" Nilikumbuka anavyokukodolea macho ukila, nasi twamfukuza akacheze, maana samaki ni wa baba anayetoka kazini.

Mayai ya kuku wetu msiyauze tena. Mamako akisema mtoto akila mayai atakuwa mwizi, mwambie na awe mwizi, bora awe hai.

Wewe kula wali na mchuzi. Samaki mtoe miba, umtie kwenye kopo, uje naye jioni.

Mama Saumu