Baba Amebaki Olivença

Mtaa wa Wahunzi,
Elvas,
Ureno.
14 Julai 1657

Mpendwa kaka Amador,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu tuliopo hapa. Hali yako ikoje huko Bahia? Je, ile homa iliyokulaza imekuacha, na shemeji Apolónia amejifungua salama? Sisi ni wazima wa mwili. Inês wangu ameota meno na anamng'ata kila anayembeba.

Najua umeiona anwani ukashangaa. Kaka, Olivença si yetu tena. Wahispania waliuzingira mji tangu Aprili, na mwisho wa Mei gavana akasalimu amri. Masharti yalisomwa uwanjani. Anayetaka kubaki aape kumtii mfalme wao, naye ataachiwa nyumba na mashamba yake. Asiyetaka aondoke na anachoweza kubeba.

Karibu mji mzima tuliamua kuondoka. Hapakuwa na mkutano wala kushawishiana. Domingas, yule jirani yetu mwoka mikate, alilibomoa tanuri lake kwa nyundo. Alisema Wahispania waoke mikate yao juani.

Unamjua baba. Habari zilipofika mwaka 1640 kwamba tumepata mfalme wetu wenyewe baada ya miaka sitini ya kutawaliwa nao, ni yeye aliyetoa pipa la mvinyo mlangoni na kumnywesha kila apitaye. Ndugu yetu Gaspar alipouawa vitani Montijo, baba alimleta nyumbani juu ya nyumbu, akamzika kanisani, na hakumlaumu mtu. Kwa hiyo nilipokuwa nafunga mizigo sikumuuliza kama anakuja. Nilimtengea nafasi kwenye mkokoteni, juu ya magodoro.

Natumaini barua yangu ya Machi ilikufikia, na unajua kwamba mama alitutoka Kwaresima hii na tukamlaza pamoja na Gaspar. Tangu siku ile mke wangu Leonarda ndiye aliyekuwa akiketi juu ya jiwe la kaburi lao, pale sakafuni kanisani, wakati wa misa ya Jumapili, ameweka mkate na mshumaa mbele yake, kama wanawake wetu wafanyavyo mpaka mwaka wa msiba utimie.

Asubuhi ya kuondoka baba alisema anakwenda kanisani kuwaaga mama na Gaspar. Hakurudi. Nilimfuata pamoja na Domingas. Yaliyotokea niliyaandika katika shajara yangu siku ileile, na bado nikiyasoma naona kama ni ya familia nyingine. Tulimkuta ameketi juu ya jiwe, amekunja miguu, mkate na mshumaa mbele yake. Hujawahi kumwona mwanamume ameketi pale, wala mimi.

Domingas, na ulimi wake ule, akamwambia, "Mzee Estêvão, tangu lini umekuwa mwanamke? Hebu inuka, nyumbu wanachoka."

"Wanawake wenyewe ndio mnaondoka," baba akajibu. "Sasa nani atawakalia hawa?"

Nilipiga magoti nikamsihi. Nilimwambia Gaspar angeona aibu kumsikia akimwapia mfalme ambaye askari wake ndio waliomuua.

"Gaspar alikufa ili mji huu usiwe wao, Bento. Na mimi nikitoka, atabaki nani humu ambaye si wao?"

"Na kiapo, baba?"

"Nitaapa. Nenda, watoto watapigwa na jua."

Nilimbusu mkono, akanibariki. Wewe pia alikubariki, kwa jina lako.

Hapa Elvas watu wa kwetu wamenigeuzia mgongo. Kisimani mmoja alimwambia Leonarda akachote maji kwa wakwe zake Wahispania. Domingas ananitetea popote anapokuwa, lakini ni mmoja tu. Jumapili iliyopita padre aliwaombea watu wa Olivença, wazima na wafu, akiwataja mmoja mmoja. Jina la Gaspar alilitaja. La baba alilipita.

Kaka, sasa nakuomba jambo ambalo mkono wangu hautaki kuliandika. Usimwandikie tena baba. Akikutwa na barua kutoka kwetu atafungwa, nami nikikutwa na yake, watu watapata walichokuwa wanakitafuta. Ni mwendo wa siku moja tu kutoka hapa hadi mlangoni kwake, nami sitajua akiugua. Siku akilazwa chini ya jiwe lile, hapatakuwa na mtu wa kumkalia.

Leonarda anakusalimu sana, na Inês pia. Domingas anasema umletee sukari utakaporudi. Nisalimie Apolónia na mtoto, na shangazi Mécia mkionana. Salamu za baba, ambazo ndizo nilizokuwa nikizitanguliza katika kila barua, safari hii sina.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na atulindie yule tusiyeweza kumfikia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Bento Fialho