Plastiki ya njano juu ya asidi

Siku ya ine, mangaribi.

Bafundi balimaliza leo kubadirisha njia. Juu ya matanki ya asidi tunatembea sasa ku plastiki ya njano, yenye matundu sawa ile njia ya zamani ya chuma. Shefu anasema asidi haitaikula hata siku moja.

Iko muzuri, sikatai. Lakini miye ninapiga nyundo mbele ya kila hatua. Njo vile sisi ba zamani tulizoea: chuma nzima inalia, chuma yenye kuoza inanyamaza.

Citoyen Ilunga, fundi mupya, alinicheka. «Papa Kalenga, hii haiozi. Unasikiliza nini?»

Nikaendelea kupiga. Yeye hakukuwa pale mwaka ile bakubwa balikuja kutembelea usine, hii kiwanda yetu. Shefu alinipatia rangi ya kijani, nikapaka chuma yote, hata fasi nilijua imeoza. Kesho yake rafiki yangu Mukalayi alipita bila kupiga nyundo, sababu aliona rangi mupya. Chuma ikavunjika, akaanguka mu asidi.

Leo nilipiga ile plastiki toka mwanzo mpaka mwisho.

Kila fasi inanyamaza.